Mshahara wa Msaidizi

Afisa mikopo alipouliza mshahara wa kila mmoja, aliyeanza kujibu ni Mama Pacha, kwa kuwa kiti chake ndicho kilichokuwa karibu na meza. Akasema laki tano, bila aibu wala kujivuna. Afisa akaandika, kisha akamgeukia mumewe. Baba Pacha akakohoa, akatazama feni iliyokuwa ikizunguka juu kwa uvivu, akasema, "Laki nane."

Mama Pacha alimkanyaga mguu chini ya meza. Hakumkanyaga kwa hasira. Alimkanyaga kama mtu anavyomwonya mwenzake anayetia chumvi mbele ya wageni. Wote wawili walikuwa mafundi wa kuchomelea katika karakana moja ya kuunda mabodi ya mabasi. Waliajiriwa katika mwezi ule ule, wakapimwa kwa jaribio moja, na tangu hapo walikuwa wakiunga fremu zile zile, moshi ule ule ukiwapanda puani. Hizo laki nane mumewe angezitoa wapi?

"Mnafanya kazi pamoja?" afisa aliuliza.

"Pamoja," alijibu Mama Pacha.

"Basi wewe mama ni msaidizi wake."

"Hapana. Mimi ni fundi."

Afisa alitabasamu kama mtu asiyetaka ubishi asubuhi, akatazama tarakimu mbili alizoziandika, akatazama tena uso wa mama, akaendelea na maswali mengine. Walikuwa wanataka mkopo wa kujenga vyumba viwili na sebule kwenye kiwanja walichokilipia taratibu kwa miaka. Aliwaambia wangoje jibu.

Walipofika nje, Mama Pacha aliangua kicheko. "Wewe nawe una moyo. Laki nane umezisema bila hata kupepesa macho. Sasa wakipiga simu karakana kuuliza, tutaficha wapi nyuso zetu?"

Baba Pacha hakucheka. Alikuwa anatembea akiangalia viatu vyake. "Wakipiga wataambiwa ni laki nane."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Mwanzoni ilikuwa pungufu ya hapo, lakini hata hiyo ilikuwa juu ya yako. Meneja aliniambia nisimwambie mtu."

"Na mimi ni mtu?"

Watu walikuwa wakiwapita kushoto na kulia, muuza soksi mmoja akawanyooshea jozi tatu, wakamtikisia kichwa kwa pamoja kama wanandoa wasio na neno.

"Na ile ovataimu?" Mama Pacha aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka.

Mara kwa mara mumewe alikuwa akirudi na kitu mkononi. Viatu vya shule vya pacha, mtungi wa gesi uliojazwa, siku moja hata gauni la rangi ya bahari ambalo Mama Pacha alilivaa mpaka likapauka. Nimepata ovataimu, angesema. Na yeye angempokea, angempa maji ya kuoga, angemwambia pole, unajichosha kwa ajili yetu.

"Hakukuwa na ovataimu," Baba Pacha alisema. "Lakini pesa si zilikuja nyumbani? Nilikunywa? Nilihonga? Zote zilikuja."

"Zilikuja zimevaa jina lako."

"Ningekuambia ungekwenda ofisini kuwaka moto, tungefukuzwa wote wawili. Nilikuwa nalinda nyumba."

Mama Pacha alishika njia. Hakuwa mwanamke wa kugombana barabarani. Walitembea hadi kwao, yeye mbele, mume nyuma, na kwa siku kadhaa zilizofuata maneno yao yalikuwa ya chumvi, ya maji na ya daftari za watoto tu. Pacha, wasichana wawili waliokuwa darasa la tano, walihisi ubaridi huo wakajikalia chumbani kwao kimya.

&nbsp;

Wiki hiyo hiyo, kama vile mambo yalikuwa yamepangiana zamu, tajiri wa karakana alimleta Mgeni.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mzungu wa makamo, mrefu, mwenye mikono iliyojaa alama za cheche kama mikono yao. Mikono hiyo iliwafanya wamkubali upesi, maana fundi humjua fundi kwa makovu. Kazi yake ilikuwa ile ile: kuunga mihimili ya paa la basi, mshono kwa mshono. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili. Mmoja hukaa nje ya fremu na mwingine ndani, wakipokezana kushika na kuchomelea, chuma kisije kikapinda kwa joto. Mama Pacha ndiye aliyepewa kukaa upande wa pili wake.

"Shika hapo," Mgeni alijifunza kusema. "Pole pole." Na mama akimaliza mshono wake, husema, "Sasa wewe shika," naye hushika. Walielewana vizuri tu.

Saa ya chakula, Kimya alimsogelea. Kimya alikuwa fundi wa mabati, na walimpa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Akamuuliza waziwazi analipwa kiasi gani, na Mgeni, ambaye labda kwao kuulizana hivyo si kosa, ama hakuona cha kuficha, akamjibu waziwazi. Kimya alirudi kwenye benchi, akakaa, akaweka kijiko chini. Siku hiyo jina lake lilimfaa.

"Sema basi," Baba Pacha alimhimiza.

Kimya akasema. Ukichukua mafundi wote wa zamu ya kuchomelea ukawaweka kwenye mzani upande mmoja, na Mgeni peke yake upande wa pili, mzani ungetulia. Juu ya hapo alipewa nyumba na gari.

Baba Pacha hakumaliza chakula chake. Alikwenda moja kwa moja kwa Meneja, ambaye wala hakushtuka. Meneja alikuwa kijana wa hapo hapo, mweusi kama wao, aliyezoea kueleza mambo magumu kwa sauti laini. "Yule ana viwango vya kwao," alisema. "Ana mahitaji. Hawezi kuishi mnavyoishi. Tajiri anaona sura yake inawatuliza wateja wakubwa. Ndiyo soko lilivyo, fundi."

"Kwa hiyo tunalipwa sura?"

"Sikusema hivyo," alisema Meneja, ingawa ndivyo alivyosema.

&nbsp;

Jumapili mchana sebule ya Baba Pacha ilijaa. Mafundi walikaa kwenye makochi, kwenye mikono ya makochi, wengine wakachuchumaa. Mzee wa Grinda, aliyekata vyuma kabla baadhi yao hawajazaliwa, alipewa kiti chenye mgongo. Wanawake wa karakana walikuwa watatu tu: Mama Pacha mwenyewe, Fundi Rangi aliyepaka mabasi, na Bi Viti aliyeshona vitambaa vya kukalia. Walikaa kwenye mkeka karibu na mlango, kwa kuwa hakukuwa na pengine.

Baba Pacha alisimama, na kusema kweli alisema vizuri. Mishipa ya shingo ilimtoka. Aliwakumbusha chuma wanachobeba, macho yanayowawasha wakienda kulala, vidole vilivyoungua. "Hatumchukii yule bwana," alisema. "Ni fundi mwenzetu. Lakini kazi moja, mshahara mmoja. Rangi ya ngozi haichomelei chuma."

Wanaume walipiga meza. Hata Mzee wa Grinda aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Na ndevu je?" Mama Pacha aliuliza kutoka mlangoni. "Ndevu zinachomelea?"

Wengine walicheka kwanza, wakidhani ni mzaha. Kisha wakaona uso wake.

"Nauliza kwa sababu mimi nachomelea kama huyu aliyesimama," aliendelea, "na ninapata laki tano. Yeye anapata laki nane. Nilikuja kulijua hilo juzi, benki, mbele ya mtu nisiyemjua."

Baba Pacha alibaki amesimama na mkono wake ungali hewani, asijue auweke wapi.

"Shemeji," Kimya alisema kwa upole, "hayo ni ya ndani. Tumalize kwanza la huyu Mgeni."

"Nayasema kwa kuwa tuko ndani," alijibu Mama Pacha.

Mzee wa Grinda alijaribu kuweka mambo sawa. "Binti yangu, sikiliza. Wewe una mume. Anacholipwa yeye ni chenu. Ndiyo maana ofisi wanampa mwenye familia zaidi."

"Mimi sina mume," Fundi Rangi alisema. "Mbona sijawahi kuongezwa ya mume ambaye sina?"

Hapo watu walivunjika mbavu, na hewa ikalegea kidogo. Mama Pacha alingoja kicheko kiishe.

"Mzee wangu, nakuheshimu," alisema. "Lakini tazama. Meneja anasema Mgeni alipwe zaidi kwa kuwa ana mahitaji makubwa. Wewe unasema mimi nilipwe kidogo kwa kuwa nina mume. Hayo ni maneno mamoja. Mmemkasirikia Meneja huku mmevaa koti lake. Kama ni kazi moja mshahara mmoja, basi isemwe hivyo na iishie hapo hapo, bila mkia. Kama ina mkia, sisi watatu tubakizeni nyumbani."

Walibishana kidogo. Wengine waliona mama anachanganya mambo, wengine waliona aibu kupinga. Bi Viti, aliyekuwa mtu wa maneno machache, alisema kwamba basi lisilo na viti ni kontena. Mwisho wakakubaliana: watadai kwa wote, na msemaji atakuwa Baba Pacha. Walikubali, lakini kwa midomo, na Mama Pacha aliliona hilo wakati wanatoka wakimuaga bila kumtazama machoni.

Walipobaki wawili, Baba Pacha alianza kukusanya vikombe, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Umenivua nguo mbele ya wenzangu," alisema.

"Mimi nilivuliwa benki, na aliyenivua alikuwa ameketi pembeni yangu," Mama Pacha alijibu. Kisha, kwa kuwa hakutaka kumuumiza zaidi ya ukweli wenyewe, akaongeza, "Umesema vizuri leo. Kila neno. Ndiyo maana nikakuuliza."

&nbsp;

Jumatatu hakuna mashine iliyowashwa. Meneja aliwaita ofisini. Waliingia Baba Pacha, Kimya na Mzee wa Grinda, na nyuma yao Mama Pacha.

"Huyu msaidizi anafuata nini?" Meneja aliuliza, akimtazama Baba Pacha kana kwamba mama hana masikio.

"Amekuja na sisi," Baba Pacha alisema. Hakuongeza neno, na Mama Pacha alibaki amesimama kwa sababu viti vilikuwa vitatu.

Meneja hakuwa mjinga. Mabasi yalikuwa yanasubiriwa na kampuni ya usafirishaji, na tajiri alikuwa ameshampigia simu mara kadhaa asubuhi ile. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaegemea kiti.

"Mkataba wa Mgeni ni wa tajiri na Mgeni, siwezi kuugusa. Lakini nyinyi mafundi nawajali. Kuanzia mwezi huu, laki tisa kila mmoja."

"Kila mmoja yupi?" aliuliza Mama Pacha.

"Mafundi. Wasaidizi na kina mama tutawaangalia mwakani."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Alimjua. Alijua kwamba wakati huo mumewe anaona vyumba viwili na sebule, bati jipya, pacha kila mmoja na dirisha lake. Yeye mwenyewe aliviona. Hakusema kitu, kwa kuwa alikuwa ameshasema Jumapili.

"Tupe muda tuzungumze," Baba Pacha alisema hatimaye.

Nje, hawakuzungumza sana. Laki tisa iliwalewesha. "Tuchukue hii kwanza," Kimya alisema. "Tukishashiba ndipo tutawatetea vizuri." Mmoja akavaa glovu, mwingine akafuata. Mashine zikaanza kuunguruma moja moja.

Baba Pacha alimvuta mkewe kando, nyuma ya rundo la mabati. "Tukikubali hii, mkopo unapita. Leo leo unapita."

"Unapita," Mama Pacha alikubali.

"Sasa?"

"Sasa wewe utapanda, mimi nitabaki nilipo, na nyumba ile itakuwa yako ambayo mimi nimepangishwa kwa wema."

Baba Pacha alijifuta uso kwa kiganja chenye masizi. "Unataka nifanye nini?"

"Sitaki ufanye kitu kwa ajili yangu. Nimechoka kufanyiwa. Mimi leo sifanyi kazi kwa laki tano. Wewe amua lako, na jioni chakula utakikuta mezani kama kawaida, usiogope."

Alivua glovu, akatundika kofia yake ya kuchomelea kwenye msumari, akaenda kukaa juu ya mabomba ya chuma karibu na geti. Fundi Rangi na Bi Viti walikuwa wameshafika. Walikaa kivulini wakanyoosha miguu kama watu wanaongoja kusuka nywele, na Mama Pacha alijisikia mwepesi kuliko alivyojisikia tangu siku ile ya benki.

Ndani, Mgeni alipanda juu ya fremu, akatazama upande wa pili, akakuta hewa. Meneja alimpa kijana wa stoo amshikie chuma. Chuma kikapinda. Akampa mwingine, kikapinda zaidi. Mgeni alishuka, akachukua chupa ya maji, akaja getini.

"Sikujua," alimwambia Mama Pacha kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Sikujua wewe lipwa kidogo hivyo."

"Sasa umejua."

Alifikiri kidogo. "Kwetu, mke wangu fundi umeme. Analipwa chini ya wanaume." Akainua mabega. "Hata kwetu."

"Basi mpelekee salamu," alisema Mama Pacha, na wanawake wote watatu wakacheka. Mgeni aliwaachia chupa ya maji, akaenda kukaa ndani ya gari lake na gazeti. Yeye angelipwa akifanya kazi au asipofanya.

Baba Pacha alikuwa kwenye nafasi yake. Mama Pacha hakutaka kumtazama, lakini aliona. Mumewe alishusha kofia, akaiinua. Akaishusha tena, akagusa chuma kwa ncha ya waya, cheche zikaruka kidogo, akaacha. Halafu akazima mashine. Alikuja polepole, kila mtu akimwangalia, akakaa mwisho kabisa wa rundo la mabomba, mbali na mkewe.

"Sikuja kukuombea," alisema akitazama mbele.

"Sijasema kitu."

"Nimekuja kwa sababu kule ndani nimejisikia naiba."

Kisha grinda ya Mzee ikanyamaza. Katika karakana ile hakukuwa na kelele iliyozidi ya grinda, na ilipokoma, ukimya ulimfikia kila mtu kama amri. Mzee alijikung'uta, akaja akikokota mguu wake mbovu, Bi Viti akampisha. Akafuata mwingine, na mwingine. Kimya alikuja wa mwisho, akilalamika njia nzima kwamba laki moja yake imeruka kama njiwa.

"Haikuwa yako," Baba Pacha alimwambia. "Ilikuwa bei ya kukufunga mdomo."

"Mdomo wangu mimi?" Kimya alisema, akijitafutia nafasi ya kukaa. "Walinipunja basi."

&nbsp;

Tajiri alikuja mwenyewe kabla juma halijaisha. Alifoka, akatishia kuajiri wengine, akahesabu fremu zilizosimama bila paa, akaacha kufoka. Mwishowe ilikuwa hivi: neno msaidizi lilifutwa, na Mama Pacha na wenzake wawili wakapandishwa hadi laki nane sawa na mafundi wengine. Laki tisa haikuja kwa yeyote. Na la Mgeni lilibaki vile vile, isipokuwa tajiri alikubali kwamba mkataba wake ukiisha, kabla ya kuandikwa mwingine wowote, watakaa mezani kupanga malipo kwa kazi.

Kuna waliosema wamepoteza. Fundi mmoja aliacha kumsalimia Mama Pacha kwa muda mrefu, naye akaendelea kumsalimia kila asubuhi, kwa sauti ya kutosha, mpaka jamaa akachoka kununa.

Nyumbani, Baba Pacha alikuja siku moja akiwa ameyatengeneza maneno yake njiani. "Nimepiga hesabu," alisema. "Ile tofauti ya miaka yote. Nitakurudishia kidogo kidogo."

Mama Pacha alikuwa anakunja nguo za watoto. "Kwanza, si wewe uliyekaa nayo, ni karakana. Pili, sitaki mdeni ndani ya chumba changu cha kulala."

"Unataka nini basi?"

"Nataka kujua. Kikiingia kitu, nijue. Kikitoka, nijue. Ukiambiwa usimwambie mtu, mimi uniambie siku hiyo hiyo." Akamrushia shuka. "Na shika upande huo tukunje."

Alishika. Hawakuwa wamesameheana kila kitu, mambo kama hayo hayaishi kwa shuka moja, lakini usiku pacha walirudi sebuleni na kelele zao, na hakuna aliyewafukuza.

Benki walikubali. Msingi ukachimbwa, na kila Jumapili walikwenda kuutazama kana kwamba unaweza kuhama.

Siku ya kukaa mezani ilipofika, Meneja alitoka ofisini, akasimama mlangoni na kupaza sauti juu ya kelele za mashine. "Msemaji wenu aje. Tajiri anamngoja."

Baba Pacha aliweka chini nyundo yake, kwa mazoea, akapiga hatua. Kisha akasita. Kimya alikuwa anatazama juu ya fremu ya basi. Mzee wa Grinda pia. Hakuna aliyepiga kura wala kunyoosha mkono, lakini kichwa baada ya kichwa kiligeuka upande ule ule, mpaka Baba Pacha naye akageuka.

"Mama Pacha," aliita. "Unaitwa."

Alikuwa katikati ya mshono. Mshono ukikatizwa, huacha udhaifu ambao basi likishaanza safari hakuna anayeuona tena. Aliwaonyesha kiganja, wangoje. Baba Pacha alipanda ngazi, akashika mhimili upande wa pili ili usipinde, na Meneja akabaki amesimama mlangoni, daftari lake la hesabu kwapani, wakati Mama Pacha anaufikisha moto taratibu hadi mwisho wa chuma. Ndipo akazima, akainua kofia, akajifuta jasho, akashuka.

"Haya," alisema. "Twende."